Mafuta ya Aina Nyingine Yoyote

"Umma wa Mtwara, na wote wanaopita Mtwara kwenda kwingine, wanatangaziwa kwamba kuanzia leo ni marufuku kwa mtu, kampuni, taasisi au chombo chochote kushusha mafuta ndani ya mkoa bila kibali cha Kitengo cha Uratibu wa Ushushaji Mafuta, yawe ya petroli, ya dizeli, ya taa, au mafuta ya aina nyingine yoyote."

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu asubuhi katika sehemu kumi na nne za mji, na Mratibu wa Kitengo, Bwana Anold, alikwenda mwenyewe kusimamia gundi. Hakutaka pembe hata moja ikunjamane. Alisimama mbele ya kila nakala, akarudi hatua mbili nyuma, akasoma yote, na kila alipofika mwisho alitabasamu kidogo. Maneno manne ya mwisho yalikuwa yake. Rasimu kutoka makao makuu iliishia kwenye mafuta ya taa, lakini Anold alikaa nayo siku mbili akaona pengo. Je, akitokea mjanja akashusha mafuta ambayo hayakutajwa? Ndipo akaongeza "ya aina nyingine yoyote", akapiga muhuri, akalala usingizi mzuri.

Kitengo hicho kwa kifupi kiliitwa KUUMA. Wapo watu wa mjini waliolicheka jina hilo, na Anold aliwasamehe, kwa sababu hawakusomea utawala. KUUMA ilikuwa na vyumba viwili, benchi la wateja, kabati la mafaili na ghala lenye kufuli mbili. Kitu kimoja tu ilikuwa haijakipata tangu ianzishwe miaka mitatu nyuma, nacho ni mafuta. Meli zilikuja, zikashusha, zikaondoka, kwa taratibu za wenyewe wanaohusika, na hakuna aliyekumbuka kuialika KUUMA. Kila robo mwaka Anold alituma ripoti makao makuu: Mafuta yaliyoshushwa, hakuna. Changamoto, hakuna. Mafanikio, kutokuwepo kwa changamoto.

Aliyepiga chapa ripoti hizo alikuwa Husna, katibu muhtasi, mama mtaratibu wa maneno machache. Husna alikuwa na tabia moja ambayo haimo katika muundo wa utumishi: alisoma kila karatasi kabla ya kuiweka kwenye faili.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, Isaya, mtunza ghala, aliingia ofisini anahema.

"Bosi, imekuja."

"Nini?"

"Kazi."

Nje ya geti lilisimama gari dogo la mizigo. Isaya alikuwa amelisimamisha kwa kuiona tu hati ya mzigo ikipepea kwenye kioo, na hati yenyewe ilisema: "Dawa za kushusha mafuta, katoni nane. Mpokeaji: Kliniki ya Moyo, Ziwani."

Anold alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisoma hati mara tatu, ya tatu kwa sauti. Miaka mitatu! Alijisikia machozi yanamlengalenga, akayazuia kwa sababu alikuwa kazini.

"Hizi ni dawa tu, bosi," alisema dereva.

"Za kufanyia nini?"

"Za kushusha mafuta."

"Basi umesema mwenyewe."

Katoni nane zikaingia ghalani. Kufuli mbili zikafungwa. Ufunguo mmoja aliutia Anold mfukoni, na wa pili ukakabidhiwa Kamati ya Ushushaji, ambayo wajumbe wake walikuwa Anold, mwenyekiti, Husna, katibu, na Isaya, mjumbe. Jioni hiyo habari zilikwisha fika kwenye maduka ya dawa ya mjini. Wenye maduka ni watu waoga wa karatasi. Waliokuwa na dawa za namna hiyo kwenye rafu wakazifungasha zikarudi zilikotoka, na mahali pake wakapanga dawa ya mbu.

Ijumaa asubuhi alifika Veronika, tabibu wa Kliniki ya Moyo ya Ziwani. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Anold alimpokea kwa heshima zote, akamwekea kiti, akafungua daftari jipya.

"Bwana Mratibu, zile ni dawa za wagonjwa," alisema Veronika. "Zinashusha mafuta kwenye damu."

"Ndani ya mkoa wa Mtwara?"

"Ndani ya watu wa mkoa wa Mtwara, ndiyo."

Anold akaandika. "Kwa kiasi gani?"

"Inategemea mtu na mtu. Wengine yanashuka mpaka karibu nusu."

"Nusu ya ujazo. Na yakishuka, yanashukia wapi?"

Veronika alivuta pumzi. Alieleza polepole, kama alivyozoea kuwaeleza wagonjwa wake, kwamba mafuta hayo mengi yanatengenezwa na ini lenyewe. Dawa inalifanya ini lipunguze kutengeneza, kisha ini linayavuta yaliyozidi kwenye damu. Yakiachwa yanajijenga kwenye kuta za mishipa ya moyo, mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja njia inaziba.

"Kwa hiyo ini ni kiwanda," alisema Anold, "na papo hapo ni bohari."

"Unaweza kusema hivyo."

"Lina leseni zote mbili?"

Veronika alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Kalamu yake ilikuwa imesimama kwenye safu ya leseni, ikisubiri.

"Sikiliza, Bwana Mratibu. Kuna mzee wangu mmoja wa Msimbati, moyo ulimshika mwaka jana. Mtu aliyeshikwa mara moja, hii dawa ndiyo inayomkinga asishikwe tena. Si peke yake, na vyakula aangalie na mwili auchezeshe, lakini dawa anameza kila siku ya Mungu. Amebakiwa na vidonge tisa."

"Anajisikiaje kwa sasa?"

"Vizuri."

"Basi hakuna dharura."

"Ndiyo ubaya wenyewe! Mafuta haya hayaumi. Na dawa nayo huisikii ikifanya kazi. Mtu anajiona mzima mpaka siku anaanguka."

Hapo Anold alielewa vizuri sana. Ofisi yake nayo ilifanya kazi hivyo hivyo, miaka mitatu, bila mtu yeyote kusikia chochote. Alimhakikishia tabibu kwamba Kitengo hakina nia mbaya na kwamba kila mnufaika atapata haki yake, ilimradi afike mwenyewe na kujaza Fomu KUUMA namba nne, nakala tatu.

Jumatatu alifika mnufaika wa kwanza. Mzee Lourenco alikuwa na miaka sitini na sita, mkulima wa mikorosho na mihogo, mtu mrefu mwenye kofia ya ukili aliyoishika mkononi. Babu yake alivuka Ruvuma, mto wa mpakani, kutoka ng'ambo na hakurudi tena. Alikuja na binti yake Odete, muuza vitenge, ambaye tangu mwaka jana kazi yake ya pili ilikuwa kumhesabia baba yake vidonge kila baada ya chakula cha jioni.

"Shikamoo, bosi," alisema Odete.

"Marahaba."

Mzee Lourenco alisimama kimya akisubiri ya kwake. Anold alikuwa na miaka hamsini na mmoja na alilelewa vizuri na mama yake, lakini aliwaza kwamba ofisi haina umri, kwa hiyo akamwonyesha benchi kwa kalamu. Ni Husna aliyeinuka nyuma ya meza yake akasema, "Shikamoo, mzee," na mzee akaitikia, akakaa.

Odete alijaza fomu kwa mwandiko wa shule. Palipoandikwa Jina la Chombo aliandika Lourenco. Kwenye Bendera baba na binti walinong'onezana kidogo, kisha wakaandika Tanzania. Kwenye Kina cha Maji Chombo Kinapoelea, mzee alisema hajui kuogelea, na Odete akaandika hivyo. Mwisho ilikuwa Sababu ya Kuomba Kushusha. Hapo mzee alimnyang'anya binti yake kalamu. Aliinama muda mrefu, akaandika neno moja: Nisife.

Anold alisoma fomu, akachukua kalamu nyekundu.

"Sababu hii haijitoshelezi."

"Mimi inanitosha," alisema Mzee Lourenco.

"Hapa tunahitaji sababu ya kiuendeshaji. Mfano, kupunguza msongamano gatini. Kisha nahitaji vipimo vya kabla na baada, na jina la wakala wa chombo."

"Bosi," alisema Odete, "babangu si meli."

"Sijasema ni meli, dada. Nimesema ni chombo."

"Vimebaki sita! Nnahesabu mwenyewe kila siku. Sita, bosi, hata saba havifiki. Unataka nkamzike ndio uone sababu?"

Anold aliandika kwa wino mwekundu, kwa mwandiko mzuri, "Sababu haijitoshelezi. Fafanua," akarudisha nakala tatu zote. Odete alitoka ameshika mkono wa baba yake kwa nguvu, na mzee ndiye aliyekuwa akimtuliza.

Veronika aliposikia, aliona kosa ni la neno. Kama shida ni neno mafuta, basi aliache. Usiku kucha hakulala akitafuta neno la kitaalamu la mafuta ya kwenye damu, na Jumanne akaleta barua mpya, safi, isiyo na tone la mafuta ndani yake: "Yah: Dawa za Kupunguza Lehemu."

Anold aliisoma akanyongea. Kazi ya kwanza katika miaka mitatu, na sasa inamponyoka. Lakini alikuwa mwadilifu. Lehemu alikuwa anaijua. Mtu aliyemfungia kufuli mbili za ghala alikuja na mashine ya kulehemu, cheche zikamtoboa Isaya shati. Suala la lehemu lilikuwa nje ya mamlaka yake kabisa. Siku hiyo hiyo alilipeleka faili kwa karani wa chuo kimoja cha ufundi, idara ya uchomeleaji, likiwa na maelekezo ya "kwa ushauri na hatua zaidi". Katoni zilibaki ghalani kwake mpaka ushauri urudi.

Faili lilikaa huko siku kumi na tatu. Jumamosi ya kwanza Mzee Lourenco alimeza kidonge cha mwisho. Jumatatu Odete alikuja peke yake, akasimama mlangoni, na badala ya salamu akasema, "Siku ya pili, bosi." Kisha akakaa kwenye benchi mpaka ofisi ilipofungwa. Kesho yake alisema, "Siku ya tatu." Husna alikuwa akimpa chai. Anold alimwambia Husna kwamba chai ya ofisi ni ya watumishi, na Husna akajibu, "Ndiyo, bosi," akaendelea kumimina.

Siku ya tisa faili lilirudi. Mkuu wa idara ya uchomeleaji, mtu mwenye shughuli zake, alikuwa ameandika chini ya barua kwa penseli ya kuchorea vyuma: "Sisi hapa lehemu tunaiweka, hatuipunguzi. Aliyewatuma kwetu akapimwe."

Anold alilipokea jibu hilo kwa utulivu. Kitaalamu, suala lilikuwa limerudi nyumbani. Alimwagiza Husna aandae kikao cha Kamati kwa mwezi ujao.

Sasa tuseme kidogo juu ya mwili wa Anold, maana nao una sehemu katika faili hili. Alikuwa na kitambi cha heshima, alichokipata kazini. Asubuhi alikunywa supu ya utumbo kwa chapati mbili, mchana alikula nyama ya kukaanga, na Jumamosi marafiki zake walimwita kwenye kitimoto, naye hakuwa mtu wa kukataa mwito. Jioni alitembea na mkewe, Glory, kando ya bahari kule Shangani, hatua mia tatu kwenda na mia tatu kurudi, na aliuita mwendo huo mazoezi.

Jumanne jioni, kwenye hatua ya mia mbili hivi, kifua kilimbana. Kilibana kama vile mtu mnene amekuja akamkalia. Mkono wa kushoto ukafa ganzi.

"Anold, mbona jasho?" aliuliza Glory.

"Joto."

"Na upepo wote huu?"

"Nimesema joto," alisema Anold, kisha akakaa chini kwenye mchanga na suruali yake ya kazini, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu aajiriwe.

Hospitalini walimlaza siku saba. Walimpima kwa mashine, wakatoa damu, wakamwonyesha karatasi yenye namba. Mafuta yalikuwa mengi. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeanza kuziba, kwa bahati haukuwa umeziba wote. Wakati wa kumruhusu walimwandikia dawa nne. Tatu alipewa pale pale. Ya nne ilikuwa ya kushusha mafuta, ya kumeza kila siku, pengine maisha yake yote, na hiyo daktari alisema aitafute nje, kwa kuwa hapo imekwisha na mzigo mpya haujulikani umekwama wapi.

Glory alizunguka maduka manne. La kwanza, "Hatuna, mama. Kuna tangazo." La pili, "Kuna tangazo." La tatu walimwonyesha tangazo lenyewe, limebandikwa ukutani, halina pembe iliyokunjamana. La nne walimpa dawa ya mbu. Alipanda gari mpaka Ziwani, kwenye kliniki ya Jumatano, akamkuta Veronika.

"Zipo," alisema Veronika, akisoma jina la Anold kwenye karatasi ya dawa. "Katoni nane."

"Ziko wapi, dada yangu? Nielekeze, nitakwenda hata kwa miguu."

"Kamuulize mumeo."

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi Anold aliingia ofisini kwake akitembea taratibu, mkono mmoja kifuani. Kwenye benchi walikuwepo Odete na Mzee Lourenco. "Siku ya kumi na tisa, bosi," alisema Odete. Anold alitoa ufunguo wake mfukoni, akamwambia Husna alete wa Kamati.

"Kuna ombi, bosi?" aliuliza Husna.

"Ombi la nini? Fungua ghala."

Husna alifungua droo, akatoa Fomu KUUMA namba nne, nakala tatu, akaziweka mezani kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa uso ule ule wa siku zote. Anold alitaka kugomba, lakini daktari alimkataza kugomba, kwa hiyo akakaa akajaza. Jina la Chombo: Anold. Bendera: Tanzania. Kwenye Sababu aliandika "kuboresha ufanisi wa chombo katika utumishi wa umma", sababu ya kiuendeshaji kabisa, akapiga mstari chini yake.

"Sasa Kamati ikae," alisema. "Hapa hapa. Mimi ni mwenyekiti, nafungua kikao."

"Kifungu cha tisa, bosi," alisema Husna.

"Kinasemaje?"

Husna alikuwa amesoma mwongozo wote, kama alivyosoma kila karatasi iliyopita mezani kwake. "Mjumbe mwenye maslahi katika ombi atoke nje ya kikao mpaka uamuzi utakapofikiwa."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Wewe, bosi."

Isaya aliangalia dari. Anold aliinuka, akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake.

Kwenye korido hapakuwa na kiti kingine. Mzee Lourenco alisogea, akampisha nafasi, na Mratibu wa KUUMA akakaa kwenye benchi la wateja kwa mara ya kwanza tangu alinunue. Lilikuwa gumu sana. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa kitu hivyo, na hakikuwa kitu kinachoonekana. Kilikuwa ndani ya damu yake, hakiumi, hakina sauti, kinamalizia kujenga ukuta. Alimgeukia mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Mzee Lourenco. "Wewe umebakiwa na vingapi?"

"Sijaanza hata kimoja."

"Aa. Basi wewe bado mgeni."

"Nataka niingie kwanza mimi," alisema Anold kwa sauti ndogo. "Unaelewa, mzee. Mimi ni Mratibu."

"Na mimi ni namba moja," alisema mzee, bila ubaya wowote, akaendelea kuizungusha kofia yake mkononi. Odete aligeuza uso upande wa pili. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na hakutaka bosi aone lipi ni lipi.

Kikao kilichukua dakika nne. Muhtasari wake upo kwenye faili, na unasomeka hivi: "Baada ya Mwenyekiti kutoka nje, Kamati ilichunguza suala na kubaini kwamba hakuna suala. Katoni nane ni dawa. Dawa ni za wagonjwa. Kamati iliazimia mzigo ukabidhiwe kliniki leo hii, kwa mpangilio wa namba. Kamati inamshukuru Mwenyekiti kwa kutoka nje."

Husna alichukua ufunguo wa Anold mkononi mwake bila kuuliza. Isaya alibeba katoni mwenyewe, mbili mbili, mpaka kwenye gari. Veronika alizipokea mchana huo, akampima Mzee Lourenco shinikizo la damu na mapigo, akamgombeza kwa mambo mawili yasiyohusiana, akampa dawa za miezi mitatu. Mzee alimeza cha kwanza jioni, Odete akimtazama mpaka koo lilipopanda na kushuka. Anold alipewa namba mbili. Alimeza cha kwake bila maji, ndani ya gari, kabla hata yeye na Glory hawajafika kwenye lami.

Ingeishia hapo, ingekuwa habari ya kawaida ya dawa kumfikia mgonjwa, na tusingekuwa na haja ya kuiandika.

Lakini miezi mitatu baadaye Anold alikwenda kupima. Alikuwa ameacha supu ya utumbo. Alitembea hatua elfu tatu kila jioni. Hakuruka kidonge hata siku moja. Veronika alisoma karatasi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

"Yameshuka, Bwana Mratibu. Asilimia arobaini na moja."

Neno lile lilimwingia Anold mpaka kwenye mifupa. Yameshuka! Alirudi ofisini akiwa mwepesi, na kwa kuwa robo mwaka ilikuwa imekwisha, alikaa akaandika ripoti kwa mkono wake. Hakumpa Husna aisome. Aliandika: Mafuta yaliyoshushwa, asilimia arobaini na moja. Chombo, Anold. Changamoto, zimedhibitiwa. Mwisho aliongeza aya moja ya kuomba afikiriwe kupandishwa cheo, maana hayo yalikuwa mafuta ya kwanza kushuka tangu Kitengo kianzishwe, tena chini ya uongozi wake mwenyewe.

Makao makuu hawakuwahi kujibu ripoti yoyote ya KUUMA. Hii waliijibu ndani ya wiki mbili. Waliuliza swali moja: kibali namba ngapi?

Kibali hakikuwepo. Kamati iliamua kwamba hakuna suala, na pasipo na suala hakitolewi kibali. Makao makuu wakalifungua tangazo, wakalisoma mpaka maneno manne ya mwisho, na hawakuona njia ya kuyakwepa. Mafuta yalikuwa yameshuka ndani ya mkoa. Aina yake haikutajwa, kwa hiyo ilikuwa nyingine yoyote. Aliyeshusha alikuwa amejitaja mwenyewe kwa maandishi, na kutia sahihi. Wagonjwa wengine wote wa Ziwani na Msimbati mafuta yao yalishuka vilevile, lakini hakuna hata mmoja aliyeandika ripoti.

Barua ilikuja ikimteua Husna kuwa Kaimu Mratibu, na barua ya kwanza aliyoitia sahihi ilikuwa hii: "Umebainika kushusha mafuta ya aina nyingine yoyote bila kibali cha Kitengo. Unatakiwa kueleza kwa maandishi, ndani ya siku saba, sababu ya kushusha, na kwa nini wewe mwenyewe usishushwe cheo."

Anold aliandika maelezo yake akiwa kwenye benchi, kwa kuwa meza haikuwa yake tena. Siku ya kwanza aliandika kurasa nne zenye vifungu na vifungu vidogo, akazichana. Siku ya tatu aliandika juu ya ufanisi wa chombo, akaona aibu, akachana. Alifikiria ini lake, na ule mchanga wa Shangani, na namba iliyokuwa kwenye karatasi ya kwanza ya hospitali. Siku ya saba, saa tisa na nusu, nusu saa kabla ya ofisi kufungwa, aliinama muda mrefu juu ya karatasi nyeupe, akaandika neno moja, akaipeleka mezani kwa mikono miwili.

Nisife.

Husna alilisoma, kama alivyosoma kila kitu. Alifungua droo, akatoa kalamu nyekundu, akaandika chini yake kwa mwandiko mzuri: "Sababu haijitoshelezi. Fafanua."